Ziwa ndilo lililotufuata: mita 60 zinaanzia wapi?

Swali: Shikamoo wakili. Sisi ni watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoa wa Kigoma. Marehemu baba alijenga nyumba yetu mwaka 1998. Wakati huo kutoka mlangoni hadi majini ulikuwa mwendo. Sisi watoto tulikuwa tukitumwa maji tunarudi shingo zinauma. Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda, likameza nyumba za majirani wawili. Mwezi uliopita wamekuja maofisa na utepe wa kupimia, wakapiga X nyekundu ukutani, wakasema tuko ndani ya mita 60 na tuondoke. Baba hakujenga ndani ya mita 60. Ziwa ndilo lililotufuata. Kwa nini sheria isibadilike kama mazingira yanavyobadilika? Na sisi tufanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Kuiona nyumba ya mzazi imepigwa X na mtu ambaye hakumjua mzazi huyo ni jambo linalouma, nami sitalijibu kwa vifungu peke yake.

Nianze na swali la kwanza. Unauliza kwa nini sheria haibadiliki. Ukweli ni kwamba hii iliyokupigia X imekwisha kubadilika, tena bila Bunge kukaa hata siku moja. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 za bahari, ziwa la asili, mto au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazirudia mita hizo hizo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za kingo za mto au ziwa kuwa miongoni mwa ardhi hatarishi. Hakuna inayosema ni ukingo wa mwaka gani. Maji yakisogea hatua kumi, katazo linasogea hatua kumi, usiku, nanyi mmelala.

Hati ya kiwanja haina mwendo huo. Imekaa pale pale zilipochimbiwa bikoni, yaani nguzo za mipaka, mwaka ule, kwa vipimo vile vile. Kwa hiyo mna sheria mbili juu ya ardhi moja: ya mazingira ina miguu, ya ardhi haina. Ziwa lilipopanda, ya kwanza ikatembea hadi ikaipanda ya pili, na familia yenu ikabanwa katikati.

Ndiyo maana nasita kila nikisikia kwamba dawa ni sheria inayonyumbulika. Mimi huuliza kwanza: ikinyumbuka, uzito unamwangukia nani? Ziwa Tanganyika linapokea mito ya nchi kadhaa, Malagarasi na Ruzizi ikiwa mikubwa zaidi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Mvua kubwa zikinyesha bonde zima misimu mfululizo, kama zilivyofanya kuanzia mwishoni mwa 2019, maji hayana pengine pa kwenda ila juu. Hilo ni jambo la bonde zima, la misitu iliyokatwa milimani, la hali ya hewa ya dunia. Lakini gharama yake imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wenu ninyi.

Na si kwamba ziwa hili limetushtukiza. Ukienda Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone utaoneshwa mahali ulipokuwa mwembe ambao inasemekana mwandishi Stanley alimkuta Livingstone chini yake mwaka 1871. Wakati ule maji yalikuwa karibu. Leo kutoka hapo hadi ziwani ni mwendo. Mwaka 1878 maji yaliizibua Lukuga, iliyokuwa imezibwa na matope na majani, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Watu wakalifuata. Wakalima na kujenga juu ya ardhi iliyoachwa na maji, wakazaa, wakazikana hapo. Mwaka 1964 likapanda tena sana, na wazee wa mwambao wanakumbuka lilifika mti gani na mlango wa nani. Kisha tukaja sisi wanasheria na mita 60 zetu, kana kwamba ukingo wa ziwa ni ukuta wa zege.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye kosa ambalo lingeweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Mita 60 ni umbali wa kwenda mbele. Maji ya ziwa hayaendi mbele, yanapanda juu. Penye mteremko mkali, tuseme ardhi inayopanda mita 1 kwa kila mita 2, ziwa likipanda mita 1 ukingo unasogea mita 2 tu. Penye tambarare inayopanda mita 1 kwa kila mita 100, ziwa lile lile, kwa kupanda kule kule, linasogea mita 100. Limekwisha kuzimeza mita 60 zote na kuingia vyumbani. Mwenye nyumba ya mlimani anakatazwa ardhi ambayo haitalowa hata wajukuu zake wazeeke. Wa tambarare, anayehitaji kulindwa kweli, anaambiwa yuko salama kwa kuwa utepe umefika mita 61. Hatari ni ya kimo, nasi tunaipima kwa urefu.

Kenya kuna mfano wa zamani ninaoupenda kwa sababu hiyo. Kuzunguka Ziwa Naivasha, tangu enzi ya ukoloni, mpaka wa ardhi ya ukingoni uliwekwa kwa kimo: futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 1,893. Ardhi iliyo chini ya kimo hicho ni ya umma. Ziwa likishuka na kuiacha wazi, mwenye shamba linalopakana nayo anaruhusiwa kuilima au kulisha, ila asijenge cha kudumu. Ziwa likirudi, anaondoa mazao yake na kurudi nyuma. Hakuna anayepiga X, kwa kuwa kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba ardhi ile ni ya kuazima. Waliofanya makubaliano hayo walikuwa masetla wakilinda maslahi yao, sitaki kuwapamba. Lakini walilitazama ziwa kama kitu kinachopumua, na kanuni yao ikapumua nalo. Wala haikumlinda kila mtu: mwaka 2020 maji ya Naivasha yaliingia mtaa wa Kihoto na watu wakahamia kwa ndugu na jamaa. Kwingineko Kenya kanuni zinataja ukingo wa kati ya mita 6 na 30, na upana huo wa nafasi umezaa kesi nyingi.

Majirani wengine wana vipimo vyao. Uganda, kwa maziwa makubwa kama Victoria na Kyoga, wameandika mita 200 kuanzia maji yanapofika yakiwa chini kabisa. Angalau wao wamesema zinaanzia wapi. Burundi, kwa Tanganyika hii hii, wameandika mita 150. Samaki anayevuka kutoka Rumonge kuja kwetu hajui kwamba amevuka sheria.

Sasa nirudi kwenye uzito. Dar es Salaam tumejaribu njia mbili katika bonde moja. Mwishoni mwa 2015, nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa X na kubomolewa, watu wakabaki na magodoro kando ya barabara huku mvua zikikaribia. Wengi walirudi bondeni, kwa sababu hawakuwa na kwingine. Miaka kadhaa baadaye ukaja mradi wa kuendeleza bonde hilo hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na safari hii wakazi walithaminiwa na kulipwa kabla ya kuondoka, wakiwemo wasio na hati. Malalamiko kuhusu viwango yalikuwepo, nami naona mengine yalikuwa ya haki. Lakini tazama: mto ni ule ule, na sheria ya mita 60 ni ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyebeba hasara. Tofauti hiyo haikuandikwa katika sheria. Ilitoka kwenye masharti ya mkopo, na mwambao wenu haumo katika mradi huo. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote: haki ya kulipwa kabla ya kuhamishwa imetegemea nani anafadhili.

Mahakama za kwingine zimehangaika na suala hilo hilo. Jimbo la Texas, Marekani, lina sheria ya tangu 1959 inayolinda njia ya umma ufukweni. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kwamba ufuo ukisogea, njia hiyo nayo inasogea, hata ikipita sebuleni kwa mtu. Kimbunga Rita kilipoukata ufuo wa Galveston mwaka 2005, mwenye nyumba mmoja alikwenda mahakamani, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema: ufuo ukiliwa polepole, haki ya umma inasogea nao, ukikatwa ghafla na dhoruba, haisogei yenyewe. Wazo hilo ni la kale, lilikuwemo katika sheria ya Warumi. Sikubaliani nalo lote, kwa sababu maji ya Tanganyika hayakuja polepole wala ghafla. Yalikuja kwa misimu. Ila linatupa swali la kweli: je, mtu alipata nafasi ya kujiandaa? Aliyeona maji yakija miaka 30 ni tofauti na aliyeamka akakuta yako kizingitini.

Zipo pia sehemu ambapo sheria inafanya vyema kutotembea kabisa. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika maoni yake kuhusu tabianchi, ilisema kwamba nchi ambayo imeweka mistari yake ya msingi baharini, yaani pale inapoanzia kupimia eneo lake la bahari, hailazimiki kuichora upya kwa sababu bahari imepanda. Kama ingelazimika, nchi za visiwa zingepoteza bahari yao juu ya kupoteza ardhi. Kwa hiyo si kila mstari ufuate maji. Mstari unaomlinda mnyonge usimame. Mstari unaomwonya mtu juu ya hatari utembee, lakini utembee na onyo na utembee na fidia.

Sheria inayojua kubadilika inafananaje basi? Mfano ninaoutumia darasani ni Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ile ya kulinda tabaka la ozoni. Walioiandika walijua kwamba sayansi itawapita. Wakaweka ndani yake kamati za wataalamu za kupima hali kila baada ya muda, na wakaruhusu ratiba za kupunguza kemikali zilizokwisha kutajwa ziongezwe kasi kwa uamuzi wa mkutano, bila kila nchi kurudi bungeni kuridhia upya. Kemikali mpya kabisa ilihitaji marekebisho kamili, na ndivyo ilivyofanyika Kigali mwaka 2016. Mwaka 1990 ukaongezwa na mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kumudu gharama. Naomba uone mpangilio huo: aliyeambiwa abadilike alipewa cha kubadilikia.

Hapo kwenu ziwani kuna mfano mdogo wa karibu zaidi. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili dagaa na migebuka wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Kama kanuni, ni nzuri: ina tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na matokeo yanayoweza kupimwa mwaloni na kila mtu. Lakini waulize wanawake wanaoanika dagaa miezi ile mitatu waliishije. Hapo tena, sheria ilimkumbuka samaki ikamsahau mchuuzi.

Kwa kifungu cha 57, ningependa kuona mambo ya kawaida tu. Waziri amepewa na sheria hiyo hiyo uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli katika eneo la mita 60, kwa hiyo mengi yangeweza kuanza bila kusubiri Bunge. Miongozo hiyo iseme mwambao tambarare upimwe kwa kimo, kikikokotolewa kutoka kiwango cha juu cha maji kinachojulikana, na kumbukumbu za 1964 zipo. Iseme kimo hicho kitazamwe upya kila baada ya miaka kadhaa na kibandikwe ofisi ya kijiji au mtaa kwa Kiswahili, si kwenye ramani iliyofungiwa kabati la wilaya. Itofautishe bustani ya mchicha na jengo la ghorofa. Sheria yenyewe imetaja shughuli za kudumu, wanaoisimamia ndio wanaovichanganya. Linalobaki ni zito zaidi na linahitaji Bunge: aliyejenga kihalali kabla maji hayajamfuata apewe kiwanja kingine na gharama za kuhama, kwa sheria, bila kungoja mfadhili.

Sasa ninyi mfanye nini. Kwanza kabisa, kama maji yamefika chooni au kisimani, hamisheni watoto na wazee leo. Kesi inaweza kungoja, kipindupindu hakingoji. Kuhama kwa usalama si kukiri kosa wala si kuacha haki; andikeni tu barua kwa mwenyekiti kwamba mmehama kwa sababu ya maji na bado mnadai haki yenu, na mbaki na nakala yenye muhuri.

X si hukumu. Ombeni kwa maandishi mambo haya: ni sheria gani na kifungu gani, nani alipima, alianzia wapi na tarehe gani. Tarehe ni muhimu kuliko inavyoonekana. Tanganyika hupanda hadi karibu Aprili na Mei, hushuka kuelekea Oktoba na Novemba, na penye tambarare tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua kama nyumba iko ndani au nje. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye ofisi Kigoma, hufuatilia viwango vya ziwa. Ombeni takwimu za 1998 na za siku ya kipimo.

Kusanyeni ushahidi wa mwaka 1998: ofa au hati, kibali cha ujenzi, stakabadhi za kodi ya majengo, picha za arusi na misiba zinazoonesha ufuo kwa nyuma, na wazee wawili watatu watakaoeleza ziwa lilikuwa wapi. Picha za satelaiti za miaka hiyo zipo na zinapatikana bure. Kijana yeyote anayejua kompyuta atawasaidia kuzitafuta. Nyumba yenu imetangulia sheria zote tatu nilizozitaja. Hiyo ni hoja yenye nguvu mkiiunganisha na Ibara ya 24 ya Katiba, inayokataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili. Naiita hoja kwa makusudi, maana serikali itajibu kwamba hawawanyang'anyi, wanawaondoa hatarini. Na sehemu ambayo tayari iko chini ya maji ni ngumu zaidi: ziwa lenyewe likimeza kiwanja, sheria yetu haijamtaja mlipaji. Kwa hiyo jiandikisheni pia kwa kamati ya maafa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ili jina lenu liwemo kwenye orodha ya waathirika kabla halijaingia kwenye orodha ya wavamizi.

Kama watasisitiza kubomoa, kuishtaki serikali au halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, na watu wengi hukata tamaa hapo wakidhani nyumba itakuwa imeanguka kabla siku hazijaisha. Msikate tamaa. Mahakama Kuu inaweza kuombwa zuio la muda ndani ya kipindi hicho, mkionesha kwamba madhara hayarekebishiki. Nendeni familia zote zenye X kwa pamoja, kwa wakili mmoja. Gharama zinagawanyika na jaji anaona mwambao mzima badala ya ukuta mmoja. Wasio na uwezo waulize msaada wa kisheria ofisi ya wilaya, ni haki iliyowekwa na sheria ya mwaka 2017.

Na kazi moja ya kuanza kesho asubuhi. Chongeni vigingi vitano vya mti mgumu. Cha kwanza kipigwe maji yanapofika leo, na kila mwisho wa mwezi kipigwe kingine. Mpige picha ikionesha kigingi na nyumba pamoja, muandike tarehe daftarini, na jirani asiye wa familia atie saini. Kisha mumtafute mzee anayekumbuka 1964, mumwombe awapeleke mpaka pale maji yalipofika mwaka ule, na hapo pia mpige kigingi. Mkipata majibu ya barua yenu, niandikieni tena mkiwa na daftari hilo mkononi.